Mkono Unaoshika

Siku ile mkono wa kushoto wa Mama Nusura ulipookota kisu bila kutumwa, wanawake wote wa kitaluni walipiga vigelegele.

Walikuwa na haki ya kushangilia. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelalia mabonde ya Lushoto, na ndani ya banda la miche walikuwa wameketi mbele ya meza ndefu, kila mmoja na mashina yake machanga ya mpichi yaliyobanwa kwenye vibano vya chuma. Kazi yao ilikuwa kubebesha. Walikata kichwa cha shina, wakalipasua kidogo, wakachomeka kikonyo cha plamu kilichochongwa mfano wa ulimi, kisha wakakifunga kidonda kwa utepe ili viwili hivyo vishikane na kuwa mti mmoja. Tangu mama zao, kazi hiyo ilihitaji mkono mmoja wa kutenda na mmoja wa kusaidia. Kwa waliovaa bangili, sasa ilikuwa kazi ya mikono miwili ya kutenda. Mama Nusura alikuwa akikata shina moja kwa kulia na jingine kwa kushoto kwa wakati uleule, kama mtu aliyeketi na kivuli chake kwenye kioo.

"Imeshika! Bangili imeshika!" alipaza sauti Mama Hoza, dada wa mumewe, ambaye alikuwa amevaa ya kwake tangu masika. "Jamani, wifi yangu sasa ana mikono miwili ya kulia. Mkimwalika harusini mtengeeni sahani mbili!"

"Na wewe ulipovaa ulitengewa ngapi?" Mama Nusura alimrudishia.

"Mimi hata kabla ya bangili nilikuwa nakula mbili."

Banda zima likacheka. Mama Nusura naye alicheka, huku akiitazama mikono yake kwa kicho. Bangili yenyewe ilikuwa kitu kidogo, ya kijivu, nyembamba kama kamba ya kiatu, imekaza kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Wataalamu wa Shirika la Mizani, walioileta, walikuwa wamewaeleza kwamba upande mmoja wa ubongo huongoza mkono wa kulia na upande wa pili huongoza wa kushoto, na kwamba kwa watu wengi upande mmoja husomeshwa maisha yote ilhali mwenziwe hubaki nyumbani. Bangili ilivuna ujuzi wa upande uliosoma na kuupanda kwenye upande wa pili, polepole, usiku na mchana, mpaka mikono ilingane. Shirika liliita kazi hiyo kusawazisha. Wanawake wa kitaluni, waliokuwa na neno lao tayari, waliiita kubebeshwa. "Umeshabebeshwa?" ndilo lililokuwa swali la kwanza kisimani na sokoni, kwa sababu mwenye kitalu alikwisha kutangaza kwamba asiyebebeshwa hatapewa meza.

Mchana wa siku hiyohiyo, kabla vigelegele havijamtoka masikioni, Mama Nusura alikuwa jikoni kwake akikoroga uji. Mwanawe mdogo, Mbwana, alikuwa mkononi. Alikuwa amempakata kwa kushoto, kichwa cha mtoto kikiwa karibu na moyo, kama alivyompakata Nusura kabla yake, na kama yeye mwenyewe alivyopakatwa. Hakuna aliyemfundisha upande. Mtoto hukaa huko, na mkono wa kulia unabaki huru kwa mwiko, kuni na milango.

Jiwe moja la jiko likateleza. Sufuria ikainama. Mkono wa kulia ukaruka kuudaka mpini wake, kama ambavyo mkono wa kulia wa mpishi yeyote ungeruka. Na mkono wa kushoto, uliokuwa sasa umesoma yote aliyoyajua mwenziwe, ukaruka pamoja nao.

Mikono miwili ikaudaka mpini. Mtoto hakuwa na mkono wa kumshika tena.

Mama Nusura alihisi uzito ukimtoka kifuani, akauona mgongo mdogo wa Mbwana ukiteremka kuelekea mafiga. Nusura, binti yake wa miaka saba, alikuwa kando yake amesimama na kikombe cha maji mkononi. Hakukitupa kikombe. Aliunyosha mkono mwingine, ule wa kushoto, akalikamata shati la nduguye, na hapo mtoto akaning'inia.

Walibaki hivyo wote watatu. Mbwana alianza kulia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa vibaya. Maji ya kikombe hayakumwagika. Mama akautazama mkono ule mdogo uliokuwa umekunja kitambaa kwenye ngumi. Haukuvuta wala haukutikisika. Ulikuwa umeshika, basi.

"Mama," alisema Nusura, "mzito. Mchukue."

Na Mama Nusura, kwa mara ya kwanza tangu awe mzazi, aliogopa kumchukua mwanawe.

*

Shechambo, mumewe, aliporudi kutoka karakana yake ya useremala alimkuta mkewe ameketi kizingitini. Mbwana alikuwa amelala mkekani, mbali na mikono yote.

"Nusura mtoto aanguke motoni," alisema mkewe, kabla hata ya salamu.

"Nusura? Alikuwa anacheza naye? Mwite hapa nimwulize."

"Simsemi Nusura, nasema nusura aanguke!"

"Sasa si ndiyo nauliza, Nusura alikuwa wapi?"

Wakatazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili bila ridhaa yao, kikakatika upesi. Ndipo mkewe akamweleza sawasawa. Shechambo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi naye kizingitini.

Yeye alikuwa na sababu za kuipenda bangili ambazo kitalu kizima hakikuwa nazo. Msumeno wa kiwandani ulikuwa umemnyang'anya vidole vya mkono wa kulia, vyote isipokuwa gumba. Kwa msimu mzima alikuwa akiketi uani akiitazama miti kama mtu anayetazama watu waliokatazwa kumsalimia. Kisha likaja Shirika. Vidole vilikuwa vimekwenda lakini ubongo haukuwa umesahau, na ujuzi uliolala humo bangili iliuhamishia upande wa pili. Siku alipopiga randa kwa kushoto na ganda la ubao likatoka jembamba, refu, bila kukatika, alilia mbele ya wateja.

"Unataka kuivua," alisema.

"Nimeshaivua."

Bangili ilikuwa sakafuni, karibu na mguu wake. Kwa mtu mzima jambo hilo liliwezekana. Mkono ungezubaa kwa muda kama mgeni aliyepotea njia, kisha ungerudi polepole kwenye tabia zake. Meza ya kitaluni ndiyo isingerudi.

"Tutakula kwa kazi ya karakana," alisema Shechambo baada ya kufikiri. "Si kitu. Lakini Jumatatu, Mama Nusura. Jumatatu je?"

Jumatatu Nusura alikuwa aanze darasa la kwanza, na tangu mwaka huo hakuna mtoto aliyeingia darasa la kwanza bila kusawazishwa. Kwa mtoto hapakuwa na kuvua. Wataalamu wenyewe walisema hivyo, tena kwa fahari: ubongo wa mtoto ungali udongo mbichi, na kilichochorwa humo hukauka pamoja nao.

"Hatavaa," alisema mkewe.

"Basi hatasoma."

Neno hilo lilimwingia mahali ambapo mumewe alijua litaingia. Mama Nusura alikuwa amejifunza kusoma akiwa mke wa mtu, katika darasa la watu wazima, na kabla ya hapo alikuwa amebandika kidole gumba kwenye karatasi asizojua zinasema nini. Alikumbuka kusimama mbele ya mlango wa zahanati, na Nusura mchanga ana homa, akisubiri apite mtu wa kumsomea kibao. Usiku Nusura alipozaliwa alikuwa ameapa, kwa sauti, wakunga wakasikia, kwamba mtoto huyu hatamwuliza mpita njia kibao kinasema nini.

"Usinitishe kwa kitu ninachokijua kuliko wewe," alisema taratibu.

"Sikutishi. Nakukumbusha. Mimi bangili hii ilinitoa kaburini."

"Na sikwambii uivue. Wewe ulikatwa. Mwanangu amekatwa nini?"

Mkekani Mbwana alikuwa ameamka na kuanza kunung'unika. Baba yake akainama, akamwokota kwa mkono wa kulia, ule wa kigutu. Akamlaza kwenye kiwiko, na gumba lililobaki likabana nguo ya mtoto taratibu, na mtoto akanyamaza.

"Unambeba kwa huo kila siku," alisema mkewe. "Ule mwingine una ufundi wote wa duniani, na mtoto unampa kigutu. Kwa nini?"

Mumewe alikitazama kiwiko chake, kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Kwa sababu huu umetulia," alisema.

*

Jumatatu uwanja wa shule ulijaa wazazi waliojifunga mashuka juu ya makoti, kwa jinsi baridi ilivyokuwa. Mbele ya darasa la kwanza palikuwa na meza, na juu ya meza sanduku la bangili ndogo, za rangi, zinazofaa watoto. Nyuma yake alisimama Mhandisi Lwitiko wa Shirika la Mizani, mtu mpole, mwenye sauti nzuri, ambaye alipozungumza mikono yake yote miwili ilipaa na kutua kwa pamoja. Pembeni alikuwepo mwalimu mkuu, Mwalimu Shemdoe, ameikumbatia rejista yake.

"Wazazi wangu wa Lushoto," alianza Mhandisi, "mnajua makao makuu wananitania? Wananiambia, unakwenda kuondoa ushoto kwenye mji wenye shoto ndani ya jina lake!"

Wazazi wakacheka. "Na ukishauondoa mji tuuiteje?" Mama Hoza alidakia kutoka nyuma. "Lukulia?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na Mhandisi, aliyejua kucheka, akacheka nao. Kisha likaitwa jina la kwanza, na jina hilo lilikuwa la Nusura Shechambo.

Mama yake alisogea naye hadi mezani. "Shikamoo, Mwalimu. Habari za safari, Bwana Mhandisi. Mtoto huyu amekuja kusoma. Bangili hatavaa."

Mhandisi akamsogelea.

"Mama, unaogopa maumivu? Hakuna maumivu."

"Naogopa mkono wake utasahau kushika."

Alieleza habari ya jikoni, kwa sauti ya kusikika na wote, bila kuficha kosa lake. Alipomaliza, Mhandisi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Pole sana, mama yangu. Sitakudanganya. Jambo hilo tunalijua. Tulipoanza kupima tulidhani mkono wa kushoto ni wa kulia uliozembea, tukastaajabu wenyewe. Mwambie mtu achore mstari, kulia kunashinda. Lakini mwambie ashike fimbo iliyonyooka, kisha uisukume kwa ghafla bila kumwonya, na kushoto ndiko kunakotulia upesi. Kila mkono una elimu yake. Mmoja hujua kwenda, na mmoja hujua kubaki."

"Mnajua," alisema Mama Nusura, "na bado mnafuta?"

"Tunachagua. Kushika kunafanywa na kibano, mama. Kibano hakichoki, hakisinzii. Lakini hakuna kibano kinachoweza kuandika, kupasua, kushona jeraha. Kuna mtoto kule Tanga aliyezaliwa na mkono mmoja uliolala, leo anapiga kinanda. Niambie nimnyime?"

"Usimnyime. Na mume wangu usimnyime. Hao walikuja kwako. Huyu umemfuata wewe."

Mnong'ono ulipita kwa wazazi. Mhandisi alifungua kiganja kimoja, na cha pili kikafunguka vilevile. "Sheria inasema mkono dhaifu utasawazishwa na ulio hodari. Sheria hiyo sikuiandika mimi."

"Sawa. Basi tuifuate. Katika kushika, mkono hodari wa mwanangu ni wa kushoto. Umesema mwenyewe, watu wamesikia. Nakili kutoka kushoto, ukapande kulia."

"Hapana, mama!" Mhandisi alishtuka hata akaweka mkono juu ya sanduku, na wa pili ukatua juu ya wa kwanza. "Hapana, nitamharibia mkono wa kulia!"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na kila mtu alilitazama pale lilipoangukia.

"Rudia," alisema Mama Nusura.

Mhandisi aliiondoa mikono juu ya sanduku, yote miwili.

"Ukitoka kulia kwenda kushoto, unasawazisha. Ukitoka kushoto kwenda kulia, unaharibu. Bwana Mhandisi, mimi nilikuwa nabebesha miche. Mpichi ukiubebesha plamu, hauzai tena pichi. Yule mwenye shamba hasemi amesawazisha. Anasema alitaka plamu. Semeni hivyo na ninyi. Semeni mnataka plamu, tujue tunaambiwa nini."

"Ndiyo hiyo!" ilisikika sauti ya Mama Hoza, ambaye bado alikuwa na bangili yake.

Mhandisi alikuwa amewiva masikio. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, na sauti yake ikarudi kuwa laini. "Nusura, mwanangu, wewe unataka kusoma?"

"Ndiyo."

"Hodari. Basi nipe mkono."

Mama Nusura angeweza kumvuta binti yake, lakini angekuwa amemvuta kutoka kwenye mlango wa darasa. Wataalamu walikwisha kueleza kwamba bangili haifungi kwenye mkono ulioshurutishwa. Mishipa ikikaza inanakili hofu pamoja na ujuzi, kwa hiyo mtoto lazima autoe mwenyewe, uwe wazi na umelegea. Yote yalikuwa yamebaki kwa Nusura.

Nusura akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofunzwa, akampa Mhandisi mkono wa kulia.

"Si huo, mwanangu. Ule mwingine."

Nusura alishangaa. "Huu?"

"Huo huo. Nipe."

"Siwezi kukupa huu."

"Kwa nini huwezi?"

"Wewe ni mtu mzima," alisema Nusura, akimwonea haya kwa kuhitaji kuelezwa. "Mtu mzima hapewi mkono wa kushoto. Ni kukosa adabu."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua juu ya mabati. Mhandisi alitabasamu kwa tabu. "Leo nimekupa ruhusa."

Mtoto aligeuka kumtazama mama yake. Mama alijua kwamba kichwa chake kikiinama kidogo tu, mlango utafunguka, na binti yake ataandika kwa mikono miwili, na hatasimama kamwe mbele ya kibao asichokijua. Aliutaka mlango ule kuliko alivyotaka chakula. Hakuinamisha kichwa.

"Adabu haina likizo, Nusura."

Nusura akauweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo wake. Msichana aliyefuata kwenye mstari alimtazama, akafanya vivyo hivyo. Kisha mvulana mmoja, kisha wawili wa baba mmoja. Mzazi mmoja alimfokea mwanawe na kuurudisha mkono mbele, lakini wengi walisimama tu na kuacha, na mbele ya meza pakawa na mstari wa watoto wenye mkono mmoja mmoja, kama wacheza mchezo wenye sheria wanazozijua wao.

Mama Nusura alimshika binti yake mkono ule ule, akapita kando ya meza, akaingia darasani. Madawati yalikuwa mapya, kila moja limefungwa vibano viwili vya kushikia karatasi. Alimketisha kwenye dawati la mbele, akavikunja vibano pembeni.

Mwalimu Shemdoe alikuwa amewafuata. "Mama Nusura, unaniweka pabaya. Asiyesawazishwa siwezi kumwandika kwenye rejista. Hatakuwa na namba, hatakuwa na mtihani."

"Usimwandike, Mwalimu. Mfundishe tu."

Mwalimu alitazama mlangoni, walikokuwa wakiingia wengine, mikono nyuma. Alitazama rejista. Alikwenda ubaoni, akachukua chaki, na akachora herufi ya kwanza, kubwa, ya taratibu, mgongo wake ukiwa umewaelekea wote ili asiulizwe neno.

"Nitaandika taarifa wilayani," alisema Mhandisi kutoka kizingitini. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayeeleza kitakachofuata. "Watakuja, mama. Wala hawatakuwa wapole kama mimi."

Mama Nusura alikwenda akasimama mlangoni, kati yake na madawati, mkono wake wa kushoto, uliokuwa bado umezubaa, ukiwa umeushika mwimo wa mlango.

"Andika, Bwana Mhandisi," alisema. "Andika kwa mkono wowote upendao. Kwako sasa ni mamoja."